Ulinzi wa Miamba ya Rumonge Uanzie Mlimani

Kusini mwa Bujumbura, barabara ya RN3 iendayo Rumonge hupita mahali pembamba: mkono wa kushoto milima ya Mumirwa, mkono wa kulia Ziwa Tanganyika. Kuanzia Gitaza, kupita Magara hadi Minago, kuna sehemu nyingi ambako mlima haukomi kwenye mchanga. Unaingia majini ukiwa mwamba, na mawe yake yanaendelea kuteremka chini ya maji, jiwe juu ya jiwe, yakiacha mianya na mapango madogo. Msafiri huona maji ya buluu na mitumbwi. Haoni kwamba humo mawemawe ndimo wanamoishi samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani. Kwa hiyo kuhifadhi mwambao huu ni kuhifadhi mwamba, na kila anayelishika jambo hili huanza na mtu aliye karibu na mwamba: mvuvi, mkamataji wa samaki wa mapambo, mwenye mtumbwi anayetupa nanga. Hoja yangu ni kwamba hapo tumeanzia pabaya. Mkono wa mtu unaogusa mwamba una madhara yake, lakini kinachoua mwamba wa Rumonge hutoka juu, na hakuna anayekitoza faini.

Tuanze na mwamba wenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina uhai wa samaki. Upande wa kaskazini, ukishapita takriban mita 100 kwenda chini, hewa ya oksijeni imekwisha. Maisha yote ya ziwa yamebanwa katika tabaka jembamba la juu, na samaki wa mawe wamebanwa zaidi, kwa sababu wao hawaendi katikati ya ziwa kabisa. Mtazame Tropheus, samaki asiyezidi sana kiganja cha mtu mzima. Kazi yake kuanzia asubuhi hadi jua kuzama ni kukwangua mwani uliojishikiza juu ya jiwe. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi yasiyofika ishirini, huyabeba mdomoni hadi watoto waweze kujitegemea, na muda huo wote hali vizuri. Samaki huyu haogelei juu ya mchanga wala kukata maji ya kina. Ghuba yenye mchanga kwake ni mpaka wa nchi. Ndiyo maana kila mwamba umekuza ukoo wake wenye rangi zake, hata wafugaji wa Ulaya na Marekani hawasemi wana Tropheus tu, husema wana Tropheus wa Magara. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki hawa nje kutoka Bujumbura na kuchapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1989, aliachiwa jina lake katika Neolamprologus brichardi, samaki anayeuzwa madukani ng'ambo kama Binti Mfalme wa Burundi. Wapo watoto wa Hamburg wanaomfahamu binti mfalme huyo kuliko watoto wa Minago wanaooga juu ya nyumba yake.

Viumbe wa namna hii wanatuwekea kanuni ngumu: ukiuharibu mwamba mmoja, hakuna ndugu wa jirani watakaohamia kuujaza. Basi ni halali kuuliza nani azuiliwe. Swali hili limeulizwa kwa makali zaidi mbali na hapa, na yaliyotokea huko yanatufaa. Nchini Marekani, watu wanaopanda majabali kama mchezo hutoboa mwamba na kukaza bolti za chuma ili kamba iwe na pa kushika. Novemba 2023, idara ya hifadhi za taifa na ile ya misitu zilitoa rasimu ya mwongozo iliyosema kwamba katika maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria ya 1964, bolti hizo zihesabiwe kuwa vitu vya kusimikwa vilivyokatazwa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapandaji walipinga, idara ya hifadhi ikaiondoa rasimu yake, na Januari 2025 ikasainiwa sheria inayotambua kwamba bolti zinaweza kuruhusiwa kwa utaratibu. Sitaki kuamua kesi ya watu. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili, kwa namna fulani, zilikuwa na haki: bolti ni kitu cha kudumu katika mahali palipoahidiwa kubaki bila alama, na bolti mbili juu ya jabali huzuia mamia ya kamba kufungwa kwenye mti mmoja mkongwe ukingoni hadi gome lake likatike. Kitu cha kudumu si lazima kiwe adui wa hifadhi. Hata kwenye miamba ya matumbawe, boya lililofungwa mahali pamoja ndilo linaloiokoa miamba na nanga zinazotupwa ovyo.

Karibu zaidi na sisi, nchini Kenya, kuna Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984 karibu na Naivasha. Ni moja ya hifadhi chache za Afrika Mashariki ambako mtu anaruhusiwa kupanda majabali, na tumbusi wa Rüppell nao huzaa kwenye majabali hayohayo. Ni sawa kabisa kumwambia mpandaji asipite penye viota. Lakini ndani na kandokando ya hifadhi hiyo kuna mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981 na kupanuliwa mara kadhaa tangu hapo, pamoja na mabomba, barabara na kelele zake. Umeme huo Kenya inauhitaji, na huenda ulistahili gharama yake. Hata hivyo anayetaka kupima madhara kwa haki hawezi kuhesabu bolti za mpandaji huku akiruka bomba. Kosa hilo ni la kawaida sana katika uhifadhi: tunalisimamia lile dogo kwa sababu mwenye nalo anaonekana, yuko peke yake na hana wakili.

Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi kukitaja ingawa si rahisi kukitumia. Tusiulize kwanza ni nani aliyegusa. Tuulize kilichobaki baada yake ni nini, na kama kilichobaki kinaweza kurudishwa kilivyokuwa. Kwa kipimo hiki alama nyingine hazina uzito hata zikiwa za kudumu. Kando ya barabara hiyohiyo ya RN3, pale Mugere, liko jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Ni patasi ya chuma juu ya mwamba, haifutiki, na taifa linalitunza jiwe hilo kama urithi na kulionyesha kwa wageni. Hakuna kiumbe aliyekosa makazi kwa ajili ya maandishi yale. Alama nyingine ni laini kama unga, hazina mwandishi, na zinamaliza kila kitu.

Alama hiyo ni tope. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za kaskazini mwa ziwa, upande wa Burundi na wa Kongo, ambako milima ya nyuma ilikuwa bado imevaa misitu, na sehemu ambako ilikuwa imelimwa ikabaki wazi. Palipopokea udongo mwingi, aina za samaki zilikuwa chache zaidi, na aina za ostrakodi, vijidudu vyenye magamba vinavyoishi chini ya maji, zilikuwa chache zaidi pia. Sababu yake inaeleweka kwa kuangalia jiwe moja. Udongo unatanda juu ya mwani, na mwani uliofunikwa haupati mwanga wa kutosha. Samaki anayekwangua hujaza tumbo kwa vumbi la mlima. Kisha udongo unaingia kwenye mianya kati ya mawe, na mianya ndiyo vyumba vya kujificha, vya kuzalia na vya kulelea. Mwamba unabaki palepale, mzito vilevile, lakini umegeuka kuwa nyumba iliyojazwa saruji hadi darini. Mvuvi akipita na wavu, samaki wamepungua na mwaka unaofuata huenda wakaongezeka. Mianya ikishazibwa, hakuna msimu unaoizibua.

Na udongo huo ni mwingi. Mumirwa ni ukanda wa miteremko mikali kati ya tambarare ya Imbo na vilele vinavyotenganisha mto Kongo na Nile. Katika Burundi nzima hakuna sehemu inayojulikana kwa mmomonyoko kama hii. Mvua ya Aprili ikipiga shamba la mihogo lililolimwa kutoka juu kwenda chini bila kinga maji, shamba linatembea. Mto Dama na mto Murembwe huleta ziwani rangi ya matofali karibu na Rumonge, na kati ya mito hiyo kuna makorongo madogo yasiyo na majina ambayo hayapeleki tope kwenye mlango wa mto wenye matete ya kulichuja, yanalimwaga moja kwa moja juu ya mawe. Machi 2015 maporomoko ya Gitaza yaliangusha mlima juu ya nyumba na kuikata barabara. Habari zilizotangazwa zilikuwa za watu, na ndivyo ipasavyo. Lakini udongo na mawe yale yalipoondolewa barabarani hayakurudi mlimani. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ukingo wake usipojengewa vizuri, huendelea kuteremsha udongo miaka mingi baada ya mkandarasi kulipwa.

Tuliweke hili kando ya tunachokisimamia. Nchi nne zinazopakana na ziwa zimekubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili ndagala na mukeke wapate kuzaliana. Ni hatua nzito. Kwenye mialo ya Rumonge maana yake ni taa zisizowashwa, vichanja vya kuanikia vilivyo vitupu, na akina mama wanaouza samaki wakikosa mtaji. Siipingi, samaki wa maji ya wazi wamevuliwa kupita kiasi, na historia ya meli kubwa za Wagiriki zilizovua kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1950 hadi biashara hiyo ilipokufa katika miaka ya 1990 inaonyesha kwamba ziwa linaweza kuchoka. Lakini itazame kalenda. Miezi hiyo mitatu ndiyo kiangazi cha Burundi. Ziwa linapumzishwa dhidi ya wavu wakati uleule ambao mlima hauleti tope. Uvuvi unapofunguliwa, mvua ziko mlangoni na udongo unaanza safari. Kwa samaki wa mawe, msimu wa hatari ndio msimu ambao hakuna amri yoyote. Mvuvi amepewa likizo ya lazima, na mteremko haujapewa hata wiki moja.

Atajibu mtu kwamba madogo hujikusanya. Ni kweli, na hoja hii haistahili kupuuzwa. Kokoro linaloburutwa ufukweni hung'oa viota vya samaki wanaozalia mchangani, na chandarua cha mbu kilichogeuzwa wavu hakimwachi hata mtoto wa jana. Kwa samaki anayelea watoto wasiofika ishirini na asiyehama mwamba wake, mkamataji hodari wa samaki wa mapambo anaweza kuumaliza ukoo mzima katika misimu michache, na hapo huwezi kusema kilichochukuliwa kitarudi. Kipimo changu hakiwaachii hao. Kinachobadilika ni namna ya kuwasimamia. Samaki wa mapambo wahesabiwe kwa mwamba wao, kwa kuwa leseni isiyotaja Magara wala Minago hailindi Magara wala Minago. Zana zinazochimba sakafu zikatazwe mwaka mzima, kama sheria za uvuvi zinavyokusudia, badala ya kuzivumilia miezi tisa na kufunga kila kitu miezi mitatu. Na mvuvi wa ndoano anayekaa juu ya mawe usiku kucha, akirudi na kapu moja la samaki, aachwe. Kumkamata huyo kwa jina la viumbe adimu ni kumwonea mnyonge kwa sababu anafikika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lina historia inayouma. Ukisema tatizo liko mlimani, unamwonyesha kidole mkulima, na mkulima wa Rumonge si mtu aliyekosa kubanwa. Vurugu za mwaka 1972 zilianza Aprili katika mwambao huu; mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza watu wengi kuvuka mpaka, na ardhi zao nyuma yao zikachukuliwa, nyingine zikiingizwa katika mashamba makubwa ya michikichi. Waliporudi miaka mingi baadaye walikuta wengine wakichuma mawese kwenye viwanja vya baba zao. Watu wasio na hakika na ardhi hawapandi miti ya miaka thelathini. Hupanda mihogo ya mwaka huu, na wakikosa tambarare hupanda mlima. Lakini hili linaiimarisha hoja badala ya kuibomoa. Ikiwa mteremko unalimwa vibaya kwa sababu mlimaji hajui kama utakuwa wake kesho, basi kumaliza kesi za ardhi ni kazi ya uhifadhi sawasawa na kuweka walinzi ziwani, na kinga maji zilizopandwa majani ya malisho zinalipa mara mbili, kwa shamba linalobaki na udongo wake na kwa ng'ombe au mbuzi anayekula majani. Serikali ilipoanzisha mwaka 2018 mpango wa kupanda miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, ilikubali kwamba nchi iliyo uchi haina budi kuvishwa. Kilichobaki ni kuanza kuvisha mahali ambapo tone la udongo lina njia fupi zaidi ya kufika kwenye mwamba. Mahali hapo panajulikana, ni makorongo ya Gitaza hadi Minago.

Upande wa Tanzania wamejifunza hivi kwa njia ndefu. Hifadhi ya Gombe ilitangazwa mwaka 1968, na mpaka wake ulilindwa, huku vilima vya vijiji vya nje vikibaki vitupu hadi msitu ukawa kisiwa. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, uliotoka nje ya mpaka na kwenda kwa wanavijiji wenyewe, kwenye miche, mashamba na mipango ya ardhi. Mahale, hifadhi tangu 1985, ilikwenda mbali kwa namna nyingine: mpaka wake unaingia ziwani kilomita 1.6, kwa hiyo mlima na maji yaliyo chini yake viko mikononi mwa msimamizi mmoja. Burundi haina hifadhi ya namna hiyo katika ufuo wa miamba. Ina Kigwena, msitu mdogo wa tambarare karibu na ziwa, na ina hifadhi za Rumonge na Vyanda, zenye miombo na sokwe. Zinatajwa kwa ajili ya sokwe na miti, mara chache kwa ajili ya samaki. Kumbe kila ekari ya miombo iliyobaki juu ya Rumonge inashikilia udongo ambao ungekuwa juu ya mawe sasa hivi. Michikichi inapoingizwa kimyakimya ndani ya mpaka wa hifadhi hizo, hasara inaandikwa katika daftari la misitu, na ziwa halipati hata mstari mmoja.

Wengine watasema yote haya ni kupaka rangi meli inayozama, kwa sababu ziwa linaugua joto. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji yakipata joto juu, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na wakakadiria uzalishaji wa ziwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Sina la kupunguza hapo. Ila joto hilo haliamuliwi Rumonge, na udongo unaamuliwa Rumonge. Tena mwamba safi, wenye mianya iliyo wazi, ndiyo nafasi pekee waliyonayo samaki wanaoishi kwenye ukanda unaozidi kubanwa; kuuziba kwa kuwa joto linakuja ni sawa na kumnyima mgonjwa maji kwa kuwa ana malaria.

Sheria ipo. Kanuni ya maji ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika uachwe wazi. Ukanda huo umejengwa nyumba, hoteli na maghala, na ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024 likaingia ndani ya majengo hayo bila kusoma hati za viwanja. Wenye fedha walipoteza kuta. Wavuvi wa Rumonge walipoteza makazi. Hapa ndipo kipimo cha kinachobaki kinaonyesha upendeleo wetu waziwazi: nyavu haramu huchomwa hadharani mbele ya kamera, lakini ukuta wa zege ndani ya mita 150, kitu cha kudumu kuliko bolti yoyote, husubiri maji yaubomoe.

Kazi ya kwanza, basi, si amri mpya kwa wavuvi. Ofisi ya mazingira ya OBPE, idara ya uvuvi na wale wa barabara waketi na ramani moja ya mwambao kutoka Gitaza hadi Nyanza-Lac, waonyeshe kila mwamba na korongo linaloumwagia, na kila mradi wa barabara ulipe gharama ya kuzuia udongo wake kabla ya malipo ya mwisho. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa mwaka 2003 na yenye makao yake Bujumbura, ina nafasi ya kudai jambo hilohilo kwa nchi zote nne. Kabla mvua za Septemba hazijaanza, na kabla mvuvi mwingine hajafikishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya mwamba ule, wakuu wa vilima vinavyoutazama mwamba huo waulizwe kinga maji zao ziko wapi.